Kinywa cha mgonjwa wa mionzi: kipi kisukutuliwe, kipi kimezwe, kipi kiachwe dukani

Mgonjwa wa saratani ya ulimi, ya koo, ya zoloto au ya nyuma ya pua akipangiwa mionzi, mara nyingi ratiba yake ni wiki sita hadi saba: siku tano kwa wiki, grei 2 kwa siku (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), mpaka jumla ifike grei 60 au 70. Karibu kila mmoja wao atapata vidonda kinywani kabla ya kumaliza, na daktari husema hivyo mapema. Jambo ambalo halipewi muda wa kutosha ni nini kinunuliwe. Familia hufika duka la dawa na orodha iliyotoka kwa jirani, kwa shangazi na kwenye kundi la WhatsApp: dawa ya kusukutua ya buluu, ya kijani, GV, asali, barafu, antibiotiki. Hela ni ile ile moja, ya nauli na ya uji.

Nimewaona wengi wakinunua vyote, wakatumia kila kimoja siku mbili, wakaacha. Ndiyo maana nataka kuviweka vitu hivi viwili viwili, bega kwa bega, na kusema wazi ningechukua kipi. Kipimo changu ni kimoja: kitamsaidia mgonjwa asikose siku ya mionzi? Baada ya kama wiki nne za matibabu, seli za saratani zilizobaki huanza kuzaana kwa kasi zaidi, na kila siku inayorukwa kwa sababu mdomo unauma huzipa nafasi. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa mionzi ni kwamba siku moja iliyopotea hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 1 au zaidi kidogo. Siku tano zikipotea, hasara hiyo hakuna dawa ya kusukutua itakayoirudisha.

Kwa nini wiki ya kwanza hudanganya

Ngozi laini inayofunika kinywa kwa ndani hujengwa kutoka chini. Tabaka la chini kabisa ndilo lenye seli zinazogawanyika. Seli mpya husukumwa juu, hukomaa, kisha hubanduka tunapotafuna na kuongea. Safari hiyo yote ni ya wiki moja hadi mbili. Mionzi huziumiza hasa zile seli za chini zinazogawanyika, wakati juu kubanduka kunaendelea kama kawaida. Ni duka linaloendelea kuuza bila kuletewa mzigo: wiki ya kwanza rafu zimejaa na mteja haoni tofauti, wiki ya tatu ndipo mbao tupu zinapoonekana.

Hiyo ndiyo picha ya zamani, na ni kweli, ila ni nusu. Mwaka 2004 Stephen Sonis, mtaalamu wa magonjwa ya kinywa wa Boston, aliyaeleza madhara haya kwa hatua tano. Ya kwanza hutokea papo hapo mionzi inapopita: vinasaba vya seli hukatika na kemikali haribifu za oksijeni huzaliwa. Ya pili na ya tatu ni seli zilizoumia, pamoja na mishipa midogo ya damu na nyama iliyo chini ya ngozi, kutoa ishara za kuleta uvimbe na joto, na ishara hizo kuzidishana zenyewe kwa zenyewe. Ya nne ni kidonda. Ya tano ni kupona. Bakteria huingia kwa nguvu kwenye hatua ya nne, kidonda kikishafunguka. Wanakichochea, lakini si wao waliokianzisha. Ukilishika hili utajua mapema kwa nini baadhi ya chupa za dukani haziwezi kufanya kazi unayozitarajia.

Kwa kalenda, mambo huenda hivi. Kwenye wiki ya pili, karibu na grei 20, kinywa huwa chekundu na chai ya moto huanza kuunguza. Wiki ya tatu, karibu na grei 30, vidonda hutokea vikiwa na utando mweupe au wa manjano. Hali huwa mbaya zaidi wiki za mwisho, na hili watu wengi hawaambiwi: inaweza kuendelea kuwa mbaya wiki moja au mbili baada ya mionzi kuisha. Wengi hupona ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya hapo. Waliopewa na dripu za sisplatini, dawa ya kemo, pamoja na mionzi huumia zaidi na huchelewa zaidi.

Si kinywa chote kinachoumia sawa. Ndani ya mashavu, ndani ya midomo, chini ya ulimi na kwenye kaakaa laini ndiko vidonda hupenda kukaa. Ufizi na kaakaa gumu vina tabaka gumu juu, huvumilia zaidi. Anayemuuguza mgonjwa achukue tochi aangalie huko kwanza. Pia mionzi huumiza pale tu ilipopita, tofauti na vidonda vya dripu za kemo, ambavyo hujitokeza kama siku tano hadi kumi baada ya dripu, popote kinywani, kisha vikapona kabla ya dripu inayofuata. Vya mionzi hujikusanya polepole, na kila siku ya matibabu huongeza juu ya ile ya jana.

Kuna wanaoogopa eksirei ya jino kwa kusikia habari hizi. Eksirei hiyo haimo kabisa kwenye mazungumzo haya, dozi yake ni ndogo mno kuigusa ngozi ya kinywa. Upande mwingine wa mizani wapo waliopigwa na dozi kubwa kwa mkupuo mmoja, kama wazima moto wa Chernobyl mwaka 1986. Kwa walioumia vibaya zaidi, kinywa na koo viliharibika ndani ya siku chache tu, bila kungoja wiki tatu. Mionzi ya hospitali hugawanywa vipande vidogo kwa makusudi, ili seli nzima zipate nafasi ya kujitengeneza kati ya leo na kesho.

Shirika la Afya Duniani lina daraja rahisi ambazo kila nyumba inaweza kuzitumia. Sifuri, hakuna kitu. Moja, wekundu na maumivu. Mbili, vidonda vipo lakini chakula kigumu kinalika. Tatu, ni vya maji tu. Nne, hakuna kinachopita. Andika daraja kwenye daftari kila jioni, na uende nalo kliniki.

Maji ya chumvi na bikaboneti, au klorheksidini

Upande mmoja kuna kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya soda kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Upande wa pili kuna chupa nzuri ya klorheksidini, ile ambayo muuza dawa huisifu kwamba inaua vijidudu vyote.

Ningechukua maji ya chumvi bila kusita. Klorheksidini ni dawa nzuri ya ufizi unaotoka damu, na daktari wa meno anaweza kuiandika kabla ya mionzi kuanza ili kusafisha maradhi ya fizi. Lakini kwa kuzuia vidonda vya mionzi, jopo la kimataifa la MASCC/ISOO, la wataalamu wa madhara ya matibabu ya saratani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri isitumike kwa kazi hiyo kwa wagonjwa wa mionzi ya kichwa na shingo. Sababu tumeshaiona: kidonda hakikuanzishwa na vijidudu. Tena chupa nyingi zina alkoholi inayowasha kama moto, dawa yenyewe hutia meno rangi ya kahawia, na hubadilisha ladha ya chakula kwa mtu ambaye ladha tayari inampotea.

Niwe mkweli kuhusu maji ya chumvi pia. Hayajathibitishwa kwamba yanazuia vidonda. Kazi yake ni kusafisha mabaki ya chakula, kupunguza asidi, na kuulegeza ule ute mzito unaonata ambao mate hugeuka kuwa baada ya tezi kupigwa mionzi. Kazi hiyo si ndogo. Mgonjwa aliyeweza kutema ute wake usiku hulala, na aliyelala anapanda daladala asubuhi kwenda hospitali. Asukutue baada ya kila mlo, kabla ya kulala, na katikati ya siku, angalau mara nne hadi sita. Vidonda vikifunguka, hata kila saa. Maji yamwagwe kila siku na kuchanganywa mapya.

Hapa kuna kosa la hatari ninalolisikia mara kwa mara: watu hutia magadi, yale ya kulainishia maharage na makande. Magadi si bikaboneti. Yana kaboneti, ambayo ni kali zaidi, na kwenye kidonda kilicho wazi yatachoma. Wala si unga wa Baking Powder, ambao umechanganywa na asidi na wanga. Angalia lebo iandikwe Baking Soda au Bicarbonate of Soda. Ukikosa kabisa, tumia chumvi peke yake.

Nikiwa hapo hapo, GV nayo ibaki dukani. Ile rangi ya zambarau hukausha na kuwasha ngozi iliyochubuka, na humnyima nesi nafasi ya kuona kidonda kimefikia wapi. Antibiotiki za kununua bila cheti zina hadithi ile ile ya klorheksidini, na juu yake huwakaribisha fangasi.

Benzidamini au asali

Hawa wawili ndio wanaoshindana kweli, kwa sababu wote huanza siku ya kwanza, kabla ya kidonda, na wote wana tafiti nyuma yao.

Benzidamini ni dawa ya kusukutua inayotuliza uvimbe na maumivu. Mwongozo wa MASCC/ISOO unaipendekeza kwa kuzuia vidonda kwa wanaopata mionzi ya kichwa na shingo isiyozidi grei 50, na kuishauri pia kwa wanaopewa mionzi pamoja na kemo. Mililita 15 kinywani, nusu dakika hivi, kisha kutema, mara kadhaa kwa siku. Ikiwasha, ichanganywe na maji kiasi sawa. Udhaifu wake ni bei na upatikanaji: chupa haikai muda mrefu kwa mtu anayesukutua mara sita kwa siku kwa wiki saba, na nje ya miji mikubwa huenda usiikute. Vilevile, vidonda vikishafunguka wengine hawaivumilii kabisa.

Asali ina habari ndefu zaidi. Nchini Malaysia, utafiti wa mwaka 2003 uliwagawa wagonjwa 40 mafungu mawili. Waliopewa asali walikuwa na vidonda vikali, daraja la tatu au la nne, kwa asilimia 20, dhidi ya asilimia 75 kwa wasiopewa. Walichukua mililita 20, robo saa kabla ya mionzi, robo saa baada yake, na saa sita baadaye, wakiizungusha kinywani polepole kabla ya kuimeza. Baadaye Manchester, Uingereza, walijaribu asali ya Manuka, ile ya gharama ya New Zealand, kwa wagonjwa zaidi ya 100 wakiilinganisha na sharubati ya sukari, na hawakuona tofauti. Jopo la kimataifa lilipoziweka tafiti hizi na nyingine pamoja, lilifikia kushauri asali kwa kuzuia vidonda, ingawa si kwa sauti kubwa. Mimi nasikia ushauri huo hivi: inaweza kusaidia, haina madhara makubwa kwa mtu anayefaa, na haihitaji kuwa ya gharama kutoka ng'ambo.

Kwa mtu wa Tanzania hili ni jambo zuri, maana asali ya misitu ya miombo ya Tabora na Katavi ipo. Ila asali ya barabarani iliyochanganywa na sukari iliyochemshwa haitafanya kazi ya asali. Nunua kwa mtu unayemjua, au kwenye duka lenye nembo ya ubora. Asali ya nyuki wadogo, ambayo wengi huithamini kama dawa, ni chachu, na ukali huo unaweza kuwasha kidonda. Kwa kazi hii ningechukua ile ya kawaida ya nyuki wakubwa.

Asali haimfai mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijatulia. Na kwa mwenye meno mabovu nina wasiwasi nayo sana: mate yakishakauka, sukari inayobaki kwenye meno huyaoza haraka, na kung'oa jino kwenye taya lililopigwa mionzi kunaweza kufanya mfupa ufe usipone. Anayetumia asali asukutue maji ya chumvi kabla ya kulala, bila kukosa hata usiku mmoja.

Kama hela ipo na meno yana mashaka, benzidamini. Kama hela ni ya kubana, meno ni mazima au hayapo, na sukari ya damu ni nzuri, asali. Kutumia zote mbili hakukatazwi, lakini mgonjwa aliyechoka akipewa ratiba ya mambo kumi ataacha yote kumi.

Mwanga wa leza au barafu

Watu wengi wamesikia barafu. Kunyonya vipande vya barafu kwa nusu saa huzuia vidonda vya baadhi ya dripu za kemo, kama florourasili inayosukumwa kwa mkupuo au melfalani ya dozi kubwa, kwa sababu baridi hubana mishipa ya kinywa wakati dawa bado iko kwenye damu, na dawa hizo hazikai sana. Mionzi haiji kwa njia ya damu. Inapita moja kwa moja, mishipa iwe imebana au imefunguka. Barafu kwa mgonjwa wa mionzi ni ya kutuliza maumivu tu. Anayeipenda aendelee, asidhani imemkinga.

Mwanga wa leza ya nguvu ndogo ndio kitu chenye ushahidi imara zaidi katika orodha yote hii. Ni mwanga mwekundu, au ule wa karibu na mwekundu usioonekana kwa macho, unaoelekezwa ndani ya kinywa sehemu kwa sehemu. Hauchomi na hauumi. Jopo la MASCC/ISOO linaupendekeza kwa kuzuia vidonda vya mionzi ya kichwa na shingo, mionzi peke yake au pamoja na kemo. Tatizo ni kwamba unahitaji mashine, mtu aliyefunzwa kupima dozi yake, na kikao cha mara kwa mara katika wiki zote za matibabu. Muulize daktari wa mionzi na wa meno kama hospitali yako inao. Kama upo, usiukatae kwa sababu unaonekana kama mchezo wa taa. Kama haupo, usiuze shamba kuufuata, kwa kuwa hela hiyo ina kazi kubwa zaidi kwenye lishe na nauli.

Dawa ya kufisha ganzi au mofini

Ikifika daraja la tatu, mazungumzo ya kukinga yamekwisha. Sasa ni maumivu. Lidokaini ya kusukutua hufisha ganzi kwa muda mfupi, na inafaa dakika chache kabla ya uji. Lakini koo lililokufa ganzi linaweza kupitisha chakula njia isiyo yake, na mgonjwa anaweza kujiuma shavu au kujiunguza bila kujua. Mwaka 2019 utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 275 ulipima mchanganyiko maarufu wenye lidokaini, pamoja na doksepini ya kusukutua. Zote zilipunguza maumivu katika saa nne za mwanzo kuliko maji yasiyo na dawa, ila nafuu yenyewe ilikuwa ndogo.

Kwa hiyo mtu asiyelala wala kumeza kwa maumivu anahitaji mofini, na hapa nasema kwa moyo wote: msiiogope. Mofini ya maji hunywewa kila saa nne kwa kipimo cha daktari. Mwongozo wa kimataifa unashauri pia mofini ya asilimia 0.2 ya kusukutua kwa wanaopewa mionzi pamoja na kemo. Uganda ilituonyesha njia zamani: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilifanya mofini ya maji iwe kitu cha bei nafuu, unga wa mofini uliochanganywa na maji na kihifadhi, ikamfikia mgonjwa nyumbani kwake. Mofini inayotolewa kwa maumivu ya kweli na kwa kipimo haimfanyi mzee wako teja. Vidonda vikipona, daktari huipunguza polepole hadi kuiacha. Hufunga choo, na hilo ni karibu hakika, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile.

Nimemsikia binti akimwambia mama yake, "Mama, vumilia, hiyo dawa ni ya watu wa kufa." Mama akavumilia, akaacha kumeza, akakosa nguvu ya kwenda kwenye mionzi. Kama daktari hakuitaja, itaje wewe: "Daktari, mama halali kwa maumivu. Anaweza kupewa mofini ya maji?" Hospitali kubwa za saratani, Ocean Road ikiwamo, zina kitengo cha tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso, na kazi yao ndiyo hiyo.

Fangasi au kidonda cha mionzi

Hapa kosa la kuchagua ni rahisi, kwa sababu vyote vina weupe. Utando wa kidonda cha mionzi hukaa juu ya kidonda na hauondoki kwa urahisi. Fangasi huwa madoa meupe kama maziwa yaliyoganda, mengi yao hufutika kwa shashi na kuacha wekundu, na yanaweza kuwa hata mahali mionzi haikupita. Dalili nyingine ni maumivu kuongezeka ghafla bila sababu. Fangasi ana dawa yake, nistatini ya kusukutua au flukonazoli ya kumeza, na akitibiwa mgonjwa hupata nafuu ndani ya siku chache. Nesi aangalie na tochi. Usikisie nyumbani.

Mrija wa puani au wa tumboni

Kabla ya mrija kuna sufuria. Uji laini wa ulezi uliotiwa maziwa na karanga zilizosagwa sana, mtori, parachichi lililopondwa, mayai laini, supu ya samaki iliyochujwa bila ndimu. Vyote viwe vuguvugu au baridi. Pilipili, achari, ndimu, soda, chai ya tangawizi, bisi na mihogo ya kukaanga vikae mbali, pamoja na sigara, ugoro, tambuu, mirungi na pombe. Mpime uzito kila wiki. Akikonda sana, ile maski ya plastiki inayomshika kichwa mezani hulegea, na mionzi iliyopimwa kwa uso wa awali inaweza kukosa mahali pake.

Uzito ukishuka licha ya hayo yote, mrija wa puani huwekwa haraka wodini, bila upasuaji, na hutolewa kirahisi. Unasumbua koo lenye vidonda na unaonekana usoni, jambo linalowaumiza wengi kuliko daktari anavyodhani. Mrija wa tumboni unahitaji utaratibu wa hospitali na unaweza kupata maambukizi pale unapoingilia, lakini unafichika chini ya nguo na unakaa miezi. Kwa wiki tatu nne za mwisho ningechagua wa puani. Ikionekana tangu mwanzo kwamba kumeza kutakuwa shida kwa zaidi ya mwezi, wa tumboni. Vyovyote vile, mgonjwa aendelee kumeza kidogo kila siku, hata maji vijiko viwili. Misuli ya koo isiyotumika hudhoofika, na kuirudisha ni kazi ya miezi.

Ya kuuliza kabla ya siku ya kwanza

Kuna machaguo mawili makubwa kuliko chupa zote, na hufanyika kabla mionzi haijaanza.

La kwanza ni meno. Yanayohitaji kung'olewa yang'olewe angalau wiki mbili kabla, kidonda kipone. Mwenye jino la dhahabu au vijazo vya chuma amwambie mtaalamu, kwa sababu chuma hurudisha sehemu ya mionzi kwenye shavu na ulimi unaokigusa. Kikinga chembamba cha milimita 3 hadi 5 kati ya jino na shavu hupunguza madhara hayo. Meno ya bandia yatolewe. Mswaki uwe wa nyuzi laini kabisa. Mswaki wa mti, pamoja na sifa zake zote, upumzike mpaka kinywa kipone.

La pili ni namna mionzi inavyopigwa. Ocean Road, iliyokuwa na mashine za kobalti-60, ilianza kutumia na LINAC, mashine ya kisasa zaidi ya mionzi inayotumia umeme, mwaka 2018. Kwa mashine za aina hiyo mtaalamu anaweza, inapofaa, kuuchonga mwale ufuate umbo la uvimbe na kuyakwepa matezi ya mate. Utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, ukavu wa kinywa wa kiwango cha kusumbua ulikuwa kwa asilimia 38 ya waliopigwa kwa njia hiyo, dhidi ya asilimia 74 ya waliopigwa kwa njia ya kawaida. Mgonjwa hachagui mashine kama anavyochagua chupa, na kungoja miezi kwa ajili ya mashine nzuri kunaweza kumdhuru kuliko mashine yenyewe. Lakini ana haki ya kuuliza: "Tezi zangu za mate zinaweza kukwepwa?"

Ningechagua hivi

Kwa mzee wa kutoka Kigoma anayekaa kwa mwanawe Dar es Salaam, hela ya kubana, meno machache na sukari nzuri: maji ya chumvi na bikaboneti tangu siku ya kwanza, asali safi mara tatu kwa siku, uji wa ulezi, na mofini ya maji mara tu daraja la tatu linapoingia. Kwa dada mwenye bima, anayepewa sisplatini pamoja na mionzi na mwenye vijazo vingi vya meno: daktari wa meno kwanza, maji ya chumvi vilevile, benzidamini, leza kama hospitali inayo, na mazungumzo ya mrija mapema. Kwa mwenye kisukari, toa asali, weka benzidamini, na sukari ipimwe mara nyingi zaidi kwa sababu chakula kitabadilika. Kwa anayeishi na VVU, fangasi atafutwe kila wiki na dawa za kufubaza virusi zisikatizwe hata kumeza kukiwa kugumu. Uliza kama zipo za maji au zinazoweza kusagwa, usizisage kabla ya kuuliza.

Homa, damu isiyokoma kinywani, mkojo mchache wa rangi nzito, au siku nzima bila kumeza maji, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.

Na siku ya mwisho ya mionzi, watu wakishapiga picha na kupongezana, chombo cha maji ya chumvi kisioshwe na kurudishwa kabatini. Zimebaki wiki mbili ambazo kinywa kinaweza kuuma kuliko jana.